Ncha ya Mkato: Kutafuta Jina la Kiswahili la Umbo Moja la Kisu

Kisu ni chombo kilichomo katika kila nyumba, na kwa sababu hiyo wengi hudhani kwamba Kiswahili hakina upungufu wowote wa maneno ya kukielezea. Dhana hiyo ni ya kweli kwa mpishi na kwa mchinjaji. Si ya kweli kwa mfasiri aliyewekewa mezani orodha ya visu mia mbili, kila kimoja na umbo lake, akatakiwa kuiandika orodha hiyo kwa Kiswahili. Akishaandika "kisu kirefu", "kisu kifupi" na "kisu chenye ncha kali", kalamu yake husimama; kwani karibu visu vyote vina ncha, na karibu ncha zote ni kali.

Makala haya yana shabaha ya kuchunguza umbo moja tu la kisu. Kwa wakusanyaji wa visu katika nchi nyingi, umbo hilo ni miongoni mwa yale yanayopendwa zaidi, lakini katika Kiswahili halijapata jina lililozoeleka. Kwanza tutaeleza umbo lenyewe na sababu za kupendwa kwake. Kisha tutaona mtego unaomngoja mfasiri, tutapima majina yanayoweza kufaa, na mwisho tutapeleka suala hili Songea, mkoani Ruvuma. Huko majina ya silaha za kale si mambo ya kujifurahisha. Yanahusu historia ya watu na mali yao iliyochukuliwa.

UMBO LENYEWE

Tuchukue kisu cha kawaida chenye makali upande mmoja. Upande wa pili, ambao ni mnene na hauna makali, huitwa mgongo. Katika kisu kilicho sahili kabisa mgongo huenda moja kwa moja kutoka mpinini hadi nchani, na makali ndiyo yanayopinda kwenda juu ili yakutane nao. Katika umbo tunalolizungumzia mambo ni mengine. Mgongo hutoka mpinini ukiwa umenyooka. Ukishafika mahali fulani mbele ya nusu ya urefu wa kisu, huacha njia yake na kushuka kuielekea ncha, kana kwamba mhunzi ameikata pembe ya juu akaitupa. Mkato huo huweza kuwa mnyoofu, au huweza kubonyea kidogo kwa ndani kama mwezi mwandamo.

Matokeo ya mkato huo ni mawili. Kwanza, ncha hushuka ikaukaribia mstari wa katikati ya kisu, hata mkono ukaweza kuiongoza kwa urahisi. Pili, chuma kilicho karibu na ncha hupungua, nayo ncha ikawa nyembamba na yenye kupenya.

Umbo hili lina jirani ambaye hufananishwa nalo mara kwa mara. Katika umbo hilo jirani mgongo pia hushuka, lakini hushuka polepole na kwa kubinuka nje, kama kilima kinavyoshuka bondeni. Chuma kingi hubaki nyuma ya ncha, na kwa hiyo ncha huwa imara zaidi ingawa haipenyi kwa wepesi ule ule. Mtu asiyezitofautisha ncha hizi mbili hawezi kuandika maelezo ya kuaminika kuhusu kisu chochote cha kukusanywa.

SABABU ZA KUPENDWA

Wakusanyaji hulipenda umbo hili kwa sababu kadha wa kadha.

Sababu ya kwanza ni historia. Mgongo uliokatwa si uvumbuzi wa karne hizi. Katika Jumba la Makumbusho la Uingereza mjini London kuna kisu kirefu cha vita, kilichopatikana katika mto Thames mwaka 1857, ambacho mgongo wake umevunjika kwa pembe kuelekea nchani. Juu yake yamechorwa maandishi ya kale ya watu wa Ulaya ya Kaskazini. Kisu hicho kina umri wa miaka elfu moja hivi. Lakini umaarufu mkubwa wa umbo hili ulianzia Marekani. Mnamo tarehe 19 Septemba 1827, katika ugomvi uliotokea kwenye ukingo wa mchanga wa mto Mississippi karibu na Natchez, mtu mmoja aitwaye James Bowie alipigana kwa kisu kikubwa na habari zake zikaenea magazetini. Bowie aliuawa mwaka 1836 katika vita vya Alamo, na jina lake likawa jina la aina nzima ya visu. Viwanda vya mji wa Sheffield, Uingereza, vilitengeneza visu vya jina hilo kwa wingi na kuviuza Marekani. Ajabu ni kwamba hakuna ushahidi kwamba kisu cha Bowie mwenyewe kilikuwa na mgongo uliokatwa. Yamkini kilifanana zaidi na kisu cha bucha. Umbo lilikuja baadaye, likalikuta jina limekwisha kuwa mashuhuri, nalo jina likalifuata umbo. Mwanaistilahi hana budi kulikumbuka jambo hili: jina la mtu ni kielelezo kibaya cha umbo, kwa kuwa jina husafiri hata pale kitu kinapobadilika.

Sababu ya pili ni matumizi. Ncha nyembamba iliyo chini humsaidia mwindaji kuanzisha mpasuo katika ngozi ya mnyama bila kutoboa matumbo, na humsaidia fundi kufikia mahali pembamba. Wakati huo huo, kwa kuwa mkato umefanywa mgongoni, makali hayapotezi chochote: hubaki marefu na yenye mpindo mzuri wa kukatia. Ndiyo maana umbo hili lilichaguliwa kwa kisu cha askari wa majini wa Marekani mwaka 1942, na tena kwa kisu cha kukunja cha kampuni ya Buck kilichotolewa mwaka 1964, ambacho kiliigwa na watengenezaji wengi.

Sababu ya tatu ni ufundi. Kuukata mgongo kwa usawa pande zote mbili, na kuuchonga ukingo wake bila kuharibu ugumu wa chuma, ni kazi inayomfichua mhunzi. Mkusanyaji hukishika kisu, akakielekeza nuruni, akatazama kama mistari ya mkato imekutana nchani sawasawa. Mhunzi mzembe huweza kuficha kasoro za mpini kwa nakshi. Kasoro ya mkato haifichiki.

Sababu ya nne hutokana na udhaifu wa umbo lenyewe. Ncha nyembamba huvunjika upesi. Kisu cha zamani kilichofanya kazi kwa miaka mingi mara nyingi huwa kimepoteza ncha, kikanolewa upya, na umbo lake likageuka. Kwa hiyo kisu cha kale ambacho mkato wake ungali mzima ni nadra, na kitu kilicho nadra hutafutwa. Hapa pana funzo kwa watunza makumbusho pia: umbo tunaloliona leo huenda si umbo alilolikusudia mhunzi. Maelezo mazuri husema "ncha imevunjika na kunolewa upya" pale dalili zinapoonekana, wala hayakimbilii kukipa kisu jina la umbo jingine.

MTEGO WA TAFSIRI

Jina la Kiingereza la umbo hili limejengwa juu ya neno lenye sura moja na maana mbili zisizohusiana kabisa. Maana moja ni kubana au kushikamanisha, ile tunayoiona katika kibanio cha karatasi. Maana nyingine ni kukata kwa mkasi, kama mtu anavyokata kucha au manyoya ya kondoo. Maneno haya mawili yalikuwa mbalimbali tangu asili: la kubana ni la Kiingereza cha kale, na la kukata liliingia kutoka lugha ya watu wa Skandinavia. Sauti zao zilifanana hata yakawa kama neno moja. Jina la kisu limetokana na neno la kukata.

Mfasiri asiyejua hayo huweza kuandika "ncha ya kibanio". Kosa hili lina hatari kuliko linavyoonekana, kwa sababu visu vingi vya kukunja vya siku hizi vina kibanio cha kweli kwenye mpini, cha kukishikizia kisu mfukoni. Ukurasa mmoja wa maelezo huweza kulitumia neno lile lile mara mbili, mara moja kwa ncha na mara moja kwa kibanio. Atakayetafsiri kwa kufuata sura ya neno badala ya kitu chenyewe atamwachia msomaji kisu ambacho hakipo duniani.

Wengine huweza kushauri tutohoe tu, tuseme "ncha klipu". Utohozi si haramu. Lugha yetu imetohoa maneno mengi na ikayavika sauti zake vizuri. Lakini katika suala hili utohozi hautatui lolote, kwa kuwa unauhamisha utata wa Kiingereza na kuuleta nyumbani. Neno klipu limekwisha kuzoeleka maofisini kwa maana ya kibanio. Msomaji akilisikia ataona kibanio.

MWILI WA KISU KATIKA KISWAHILI

Utaratibu uliozoeleka wa kuunda istilahi unatutaka tuanze na Kiswahili chenyewe pamoja na lahaja zake, ndipo twende kwa lugha nyingine za Kibantu, kisha lugha nyingine za Afrika, na mwisho lugha za kigeni. Tuangalie basi Kiswahili kina nini.

Kiswahili hukitazama kisu kama mwili. Kina mgongo, kina ncha, kina makali. Upande wake mpana ni bapa. Ndiyo maana husemwa kwamba mtu amepigwa kwa bapa la panga, yaani hakukatwa. Sehemu yote ya chuma isiyokuwa mpini huitwa kengee, neno lililomo katika kamusi ingawa halisikiki sana vinywani siku hizi. Lastahili kufufuliwa, kwani bila hilo tunalazimika kusema "chuma cha kisu" au "sehemu ya kukatia". Pa kushikia ni mpini, na kikiwa kidogo ni kipini. Nyumba yake ni ala.

Kina pia majina mengi ya aina. Kotama ni kisu kilichopinda cha mgema. Mundu ni wa kuvunia na kukatia nyasi. Sime ni silaha fupi yenye makali pande mbili, ambayo hupanuka kadiri inavyokaribia ncha. Kitara ni upanga uliopinda. Jambia na hanjari ni za asili ya Kiarabu. Hizi mbili zina historia ya kufaa kutajwa: Waarabu wa Yemeni husema neno lililotupa jambia, nao wa Omani husema neno lililotupa hanjari, kwa silaha zinazofanana sana. Kiswahili kilipokea majina yote mawili.

Neno panga lenyewe linastahili aya yake. Mwalimu huwaeleza wanafunzi kwamba upanga, wingi wake panga, ni silaha ya vita, na kwamba panga, wingi wake mapanga, ni chombo cha shamba. La pili limetokana na la kwanza kwa kuhamishwa ngeli ili kuonyesha ukubwa. Neno hilo la pili limevuka mipaka: limeingia katika kamusi za Kiingereza, na watengenezaji wa zana katika nchi za mbali hulitumia kuwa jina la umbo maalumu la kengee, lile ambalo hupanuka kuelekea mbele na kuinua makali yake nchani. Zaidi ya hayo, baadhi ya mapanga ya umbo hilo yamekatwa mgongo karibu na ncha. Mkulima wa Peramiho au wa Namtumbo anayekwenda shambani huenda amelishika mkononi umbo lile lile ambalo mkusanyaji wa ng'ambo hulitafuta kwa fedha nyingi. Umbo si geni kwetu. Kinachokosekana ni jina lake.

MAJINA YANAYOWEZA KUFAA

Istilahi nzuri yapasa iwe wazi, iwe fupi, ikubali kunyambuliwa na kupambanuliwa, na ikubalike kwa wale watakaoitumia. Kwa vipimo hivyo tuyapime majina manne.

"Ncha iliyokatwa" ni jina linalokuja haraka, lakini linapotosha. Kilichokatwa si ncha bali ni mgongo. Msomaji atadhani kisu hicho kimepoteza ncha, hali ncha ndiyo fahari yake.

"Ncha mbonyeo" ni fupi na lina picha nzuri, lakini linafaa tu pale mkato ulipobonyea kwa ndani. Visu vyenye mkato mnyoofu hubaki nje.

"Ncha ya mchongo" lina nguvu, kwani kuchonga ni kazi ya kupunguza ili kupata ncha, kama tuchongavyo penseli. Hata hivyo kila ncha hutokana na kuchongwa, na neno mchongo katika mazungumzo ya mijini limepata maana nyingine ya shughuli au mpango wa kujipatia fedha. Istilahi inayochekesha darasani haidumu.

"Ncha ya mkato" ndilo jina tunalolipendekeza. Neno mkato linatokana na kukata, na kwa hiyo linabeba maana ile ile iliyokusudiwa katika jina la asili. Lakini lina faida nyingine ambayo Kiingereza hakina. Kila Mswahili anaijua njia ya mkato: ni ile inayoacha barabara kuu na kupitia kando ili kufika upesi. Mgongo wa kisu hiki hufanya vivyo hivyo. Huenda na barabara yake, kisha huiacha na kuishika njia ya mkato kuiendea ncha. Mwanafunzi akielezwa hivyo mara moja, ataweza kulichora umbo lenyewe ubaoni bila kuonyeshwa kisu.

Jina hili pia linapambanuka vizuri. Mkato ukiwa umenyooka tutasema "ncha ya mkato mnyoofu". Ukibonyea tutasema "ncha ya mkato mbonyeo". Na linamsaidia jirani yake kupata jina: ncha ambayo mgongo wake hushuka polepole kwa kubinuka itaitwa "ncha ya mteremko". Mkato na mteremko ni maneno ya njia, kila mtu anayajua, na tofauti yao ndiyo tofauti ya visu hivyo viwili.

ISTILAHI NA MIPAKA YAKE: MFANO WA SONGEA

Istilahi haijakamilika mpaka ijulikane pia ni wapi haitumiki. Kwa jambo hili Songea inatupa mfano ulio wazi.

Mji wa Songea umepata jina lake kutoka kwa Nduna Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906 katika vita vya Majimaji. Wangoni walitokana na watu waliotoka kusini mwa Afrika wakiongozwa na Zwangendaba, waliovuka mto Zambezi mwaka 1835. Katika Makumbusho ya Majimaji, yaliyofunguliwa mjini hapo mwaka 1980, kila tarehe 27 Februari hukumbukwa mashujaa walionyongwa siku hiyo mwaka 1906. Silaha inayotajwa zaidi na Wangoni ni mkuki wa kuchomea, unaoshikwa mkononi pamoja na ngao ya ngozi ya ng'ombe.

Mkuki huo una makali pande zote mbili. Hauna mgongo. Basi hauwezi kuwa na ncha ya mkato hata kama ubavu mmoja wa kengee yake umelika kwa kunolewa kuliko wa pili. Vivyo hivyo sime na jambia. Kanuni ni hii: pasipo mgongo hapana mkato. Kwa silaha zenye makali pande mbili zilizo sawa jina lifaalo ni "ncha ya mkuki", hata kama silaha yenyewe ni kisu.

Kanuni hii si ya kuchezea maneno. Silaha nyingi zilizotekwa katika vita vya Majimaji, baina ya mwaka 1905 na 1907, zilipelekwa Ujerumani, na nyingine zingali zimehifadhiwa katika makumbusho ya mjini Berlin. Vitu vile viliandikwa madaftarini na watu wasiozijua lugha za wenyewe. Mkuki wa kusini uliitwa na Wazungu kwa neno ambalo asili yake ni lugha za Afrika ya Kaskazini, lililopitia Kiarabu na Kireno. Neno hilo halikuwa la Wangoni wala la jirani zao. Kisu kiliitwa kisu tu, au upanga, kwa kadiri mwandishi alivyoona.

Mnamo tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika katika makumbusho ya Songea akaomba msamaha kwa maovu yaliyotendwa na wakoloni. Mazungumzo juu ya mabaki ya watu na mali zilizochukuliwa yamekuwa yakifanyika kwa njia ya orodha. Orodha hizo hutoka katika Kijerumani, hupitia Kiingereza, na mwisho hufika katika Kiswahili ili wazee, watoto na wajukuu wa waliopigana waweze kuzisoma. Katika safari hiyo ya lugha tatu, kitu ambacho jina lake halieleweki huweza kupotea mara ya pili. Mzee anayekumbuka kwamba silaha ya babu yake ilikuwa na mgongo ulioshuka ghafla karibu na ncha hawezi kuitambua katika orodha inayosema "kisu, kimoja, cha chuma".

Liko pia suala la mahakama. Tangu mwaka 2021 Kiswahili kimewekwa na sheria kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania. Visu ni miongoni mwa vielelezo vinavyoletwa mbele ya mahakimu. Hati inayosema "kisu chenye ncha kali" huweza kulingana na kila kisu kilichomo mtaani. Hati inayosema "kisu cha kukunja, kengee lenye ncha ya mkato, urefu sentimita tisa, mgongo mnene, ncha imevunjika kidogo" inahusu kisu kimoja. Uhuru wa mtu huweza kuning'inia katika tofauti hiyo.

ORODHA YA ISTILAHI ZINAZOPENDEKEZWA

1. Kengee: sehemu yote ya chuma ya kisu, panga au upanga isiyokuwa mpini.

2. Mgongo: upande mnene wa kengee usio na makali.

3. Bapa: upande mpana wa kengee, ulio kati ya mgongo na makali.

4. Tumbo la makali: sehemu ya makali iliyopinda kwa kubinuka nje karibu na ncha.

5. Ncha ya mkato: ncha inayopatikana pale mgongo unapoacha mstari wake na kushuka kwa pembe au kwa kubonyea. Aina zake ni mkato mnyoofu na mkato mbonyeo.

6. Ncha ya mteremko: ncha inayopatikana pale mgongo unaposhuka polepole kwa kubinuka nje.

7. Ncha ya mgongo mnyoofu: ncha inayopatikana pale mgongo unaponyooka hadi mwisho na makali yakapanda kuufuata.

8. Ncha ya kupaa: ncha inayopatikana pale mgongo unapopinda kwenda juu, kama katika baadhi ya visu vya kuchunia ngozi.

9. Ncha ya mkuki: ncha ya katikati, yenye pande mbili zilizo sawa.

10. Makali ya mgongoni: sehemu ya mkato iliyonolewa. Ikiwa imechongwa ikawa nyembamba bila kunolewa, isemwe "ukingo mwembamba wa mgongoni".

MATUMIZI

Kwa walimu wa ufundi na wa lugha, tunashauri istilahi hizi zifundishwe kwa michoro. Mwanafunzi achore mgongo kwanza, kisha makali, kisha aulizwe ni upande upi uliosafiri kuifuata ncha. Jibu la swali hilo moja hutosha kumpa jina.

Kwa wafasiri, tunasisitiza kanuni ya zamani ambayo husahauliwa kila siku: kabla ya kutafuta neno, tafuta kitu. Mfasiri asiyeweza kukipata kisu chenyewe aombe picha yake ya ubavuni. Na pale chanzo kinapotumia jina la mtu au la kampuni kuwa jina la aina, jina hilo liachwe lilivyo na umbo lielezwe kando kwa Kiswahili, kwa mfano: "kisu cha Bowie, chenye ncha ya mkato mbonyeo".

Kwa watumishi wa makumbusho, wa forodha na wa mahakama, tunashauri maelezo ya kila kisu yafuate mpangilio mmoja: aina, mpini, urefu wa kengee, idadi ya makali, umbo la ncha, na uharibifu uliopo. Mpangilio ukiwa mmoja, orodha mbili zilizoandikwa na watu wawili katika miji miwili zitaweza kulinganishwa.

Lakini kazi haijaisha. Mkoa wa Ruvuma una Wangoni, Wamatengo, Wandendeule, Wayao na wengineo, nao wazee wao waliziona silaha na zana ambazo vijana hawazijui. Yafaa walimu walioko Songea, Mbinga, Nyasa, Namtumbo na Tunduru wawaendee wazee hao na wahunzi waliobaki, wachukue michoro mitano ya ncha, na waulize kila moja inaitwaje katika lugha ya pale. Huenda katika kijiji fulani mgongo uliokatwa una jina lake la zamani, fupi na zuri kuliko hili tulilolipendekeza. Likipatikana, litakuwa na haki ya kusikilizwa mbele ya "ncha ya mkato", na sisi hatutaona haya kuliachia nafasi. Maneno ya aina hiyo yaandikwe pamoja na mahali yaliposikika na kitu kilichoonyeshwa, kisha yaletwe Barazani ili yajadiliwe.